Kutoka Mikindani hadi Webuye: Moshi Haukulinda Kazi

Viwanda vingi vya Kenya vimejipanga kando ya barabara moja, ile inayotoka bandarini Mombasa ikapanda hadi Nairobi, ikateremka Bonde la Ufa, ikapita Eldoret na kuishia mpakani Malaba. Niliifuata kutoka Mikindani hadi Webuye, nikishuka penye viwanda vinavyofanya kazi na penye vilivyokufa, kwa sababu ya hoja moja ambayo husikika kila mahali kiwanda kinapolalamikiwa: mkidai hewa safi, ajira zitawaponyoka. Hoja hiyo hutolewa na wenye viwanda, hurudiwa na wanasiasa majukwaani, na linaloumiza zaidi ni kwamba huaminiwa na watu walewale wanaokohoa. Nimeipima kwa yaliyotokea kando ya barabara hii kwa takriban miaka 50, na ninasema kwamba haisimami. Miji iliyovumilia moshi ili isipoteze kazi ilipoteza kazi vilevile, na mara nyingi ilizipoteza kwa sababu zilezile zilizoufanya moshi uwe mchafu.

Safari inaanzia Owino Uhuru, mtaa wa watu wapatao 3,000 huko Mikindani, si mbali na barabara kuu. Nyumba ni za udongo na mabati, zimebanana, na upande mmoja zimepakana na ukuta wa kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Ukisimama pale ukutani huhitaji mtaalamu wa kukueleza kosa lilianzia wapi. Hakuna uwanja, hakuna safu ya miti, hakuna hata njia ya gari iliyotenganisha tanuri na vyumba wanamolala watoto. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza: betri hupasuliwa, asidi ikamwagwa, bamba za risasi zikatiwa tanurini, na madini yaliyoyeyuka yakamiminwa kwenye kalibu. Kinachobaki ni moshi wenye chembe za risasi, vumbi linalotua juu ya paa na juu ya nguo zilizoanikwa, na maji machafu yanayotafuta mteremko. Kiwanda hiki kilipewa leseni chini ya mpango wa EPZ, ule wa bidhaa za kuuzwa nje, wenye nafuu zake za kodi, kwa kuwa kiliahidi fedha za kigeni na ajira. Mwaka 2009 kilimwajiri Phyllis Omido ashughulikie uhusiano na jamii. Haukupita muda mrefu mwanawe mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha sumu ya risasi. Mama huyo aliacha kazi, akaanza kuwahamasisha majirani, akakamatwa na kufikishwa mahakamani mwaka 2012, akaachiliwa huru. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman.

Risasi ni sumu isiyo na kiasi salama; hivyo ndivyo lisemavyo Shirika la Afya Duniani. Mtoto akiimeza, mwili wake huifyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima, na ikishaingia kwenye mifupa hukaa humo miaka na mikaka, ikirudi kidogokidogo kwenye damu. Humpunguzia mtoto uwezo wa kujifunza kabla hajaingia darasa la kwanza. Watafiti waliopima damu ya watoto wa Owino Uhuru waliilinganisha na ya watoto wa Bangladesh, mtaa mwingine duni wa Mombasa, wakakuta kiwango cha risasi cha Owino Uhuru ni kama maradufu. Ninautaja ulinganisho huo kwa makusudi, kwa sababu mtu anaweza kusema umaskini ndio unaowaletea ugonjwa, si ujirani na kiwanda. Watu wa Bangladesh ni maskini vilevile. Kilichowatofautisha ni ule ukuta. Na waliokuwa ndani ya ukuta, waliosimama mbele ya tanuri, wengi walikuwa vibarua. Kibarua hana mkataba wa kumlinda akilalamika. Akiugua, langoni wanasubiri wengine. Kwa hiyo ile ajira iliyotetewa kwa jina lake haikuwa na uhakika hata wa mwezi ujao, na ugonjwa ulioletwa na kazi ndio uliomwondoa kazini. Anayesema mtaa huu ulilazimika kuchagua kati ya afya na kazi angeonyesha kwanza ni kazi gani hiyo iliyokuwa mezani.

Nitajibiwa kwamba Owino Uhuru inathibitisha kinyume cha ninachosema, kwa maana kelele za wakazi zilianza na kiwanda kikafungwa. Ni kweli kilifungwa, na ni kweli watu walipoteza vibarua. Lakini hesabu haikuishia hapo. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, pamoja na shilingi milioni 700 za kusafisha udongo na maji iwapo walioshtakiwa hawangeifanya kazi hiyo wenyewe. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Upeo ikairudisha. Miongoni mwa waliobebeshwa lawama ni taasisi za umma zenyewe, ikiwemo Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, iliyopaswa kukagua. Maana yake ni kwamba kiwanda kilichosamehewa kodi kwa ajili ya ajira kimeiachia hazina ya umma deni ambalo mishahara ya vibarua wake haiwezi hata kulikaribia. Bilioni mbili zingetosha kununua vichujio vya moshi, kujenga vidimbwi vya kutulizia maji na kuwahamisha majirani wa ukutani kabla tanuri halijawashwa. Kilichofunga kiwanda kile ni uamuzi wa kukijenga pale na kukiendesha vile. Wakazi walikuwa wa kwanza tu kulisema hilo kwa sauti.

Kutoka Mikindani barabara inapita Miritini na Mariakani, inakata nyika ya Voi na Mtito Andei, na baada ya kilomita mia nne na ushei vumbi la saruji la Athi River linaanza kuonekana juu ya majani ya michongoma. Hapa hoja ya kwamba kulinda mazingira huua ajira inakosa mifano kabisa. Kampuni ya saruji ya ARM, iliyokuwa ikisifiwa kote Afrika Mashariki, iliwekwa chini ya wasimamizi Agosti 2018. Sababu ilikuwa madeni. Ukishuka hadi Nakuru utakuta habari ya kiwanda cha betri cha Eveready, kilichoanza mwaka 1967 na kuwalea wazazi wa nusu ya mtaa. Kilifungwa mwaka 2014 kwa kushindwa na betri za bei nafuu kutoka nje na kwa gharama za uzalishaji. Ukipanda hadi Eldoret utakuta kiwanda cha nguo cha Rivatex, kilichoporomoka mwishoni mwa miaka ya 1990 wakati mitumba na nguo za nje zilipofunguliwa milango, kisha kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Nimevipanga vifo hivi kimoja baada ya kingine na kumtafuta mkaguzi wa mazingira katika kila kimoja. Hayumo. Wamo mabenki, wamo washindani wa nje, wamo mameneja waliokopa kupita kiasi, na zimo sera za biashara zilizobadilishwa ghafla. Hao hawakumwuliza mfanyakazi wa kawaida kama yuko tayari kuvumilia.

Webuye ndiyo iliyonipeleka safari nzima, maana katika nchi hii hakuna mji uliofungamana na kiwanda kimoja kama mji huu. Ukitoka Eldoret, baada ya misitu ya Turbo iliyopandwa kwa ajili ya kulisha kiwanda cha karatasi, barabara inateremka na vilima vya Chetambe vinajitokeza, kisha bomba la moshi. Zamani wakoloni waliita mahali hapa Broderick Falls kwa sababu ya maporomoko ya Nabuyole katika mto Nzoia, na ni mto huo, pamoja na reli na misitu, uliowavuta waanzilishi wa Pan African Paper Mills. Makubaliano yalifikiwa mwaka 1969 kati ya serikali ya Kenya, Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) lililo chini ya Benki ya Dunia, na kampuni ya Orient Paper Mills ya ukoo wa Birla wa India. Karatasi ilianza kutoka mwaka 1974. Kiwanda kiliajiri zaidi ya watu elfu moja moja kwa moja, na nyuma ya kila mmoja wao walikuwepo mwenye nyumba ya kupangisha, mama mboga, fundi baiskeli, dereva wa lori la magogo na mwalimu wa shule iliyojazwa na watoto wa wafanyakazi. Hakuna aliyekiita kwa jina refu. Watu walisema Panpaper tu, na kusema una mtu Panpaper kulitosha kukupatia mkopo dukani.

Harufu yake ilikuwa ya mayai yaliyooza, na msafiri wa basi aliijua kabla hajaona mji. Inatokana na namna karatasi inavyopikwa. Misonobari hukatwakatwa vipande vidogo, ikachemshwa katika magadi makali na salfidi ya sodiamu mpaka nyuzi zikaachana, na gesi za salfa zikatoroka. Wakazi walilalamika kwa miaka mingi kwamba mabati yao hayadumu, na ushahidi ulikuwa juu ya vichwa vyao. Bati lililopaswa kukaa miaka ishirini liliota kutu ya rangi ya matofali, kwanza kandokando ya misumari, halafu kwenye migongo ya mikunjo, kisha likatoboka matundu ambayo usiku wa mbalamwezi uliweza kuyahesabu ukiwa kitandani. Hilo bati ninaliona kuwa hati bora ya hesabu kuliko zote zilizowahi kutolewa kuhusu Panpaper. Mwenye nyumba aliyelazimika kuezeka upya kila baada ya miaka michache alikuwa akilipa sehemu ya gharama ya kutengeneza karatasi, na hakuna daftari lililoandika mchango wake. Maji yaliyotumika yalipitishwa kwenye mabwawa na kuingia Nzoia, na Nzoia haiishii Webuye. Inapita Mumias, inafika Budalang'i, inaingia Ziwa Viktoria. Anayechota maji kule chini hakuwahi kupokea mshahara wa Panpaper hata mwezi mmoja.

Basi mji ulivumilia, na serikali nayo ilivumilia zaidi. Mwaka 1999 ukataji wa miti katika misitu ya umma ulipopigwa marufuku, Panpaper ilikuwa miongoni mwa kampuni chache zilizosamehewa. Kama kuna kiwanda kilichopewa kila kitu kwa jina la ajira, ni hiki: misitu, mto, hewa na subira ya watu. Januari 2009 kilifungwa. Kilikuwa kimelemewa na madeni, yakiwemo ya umeme, kikawekwa chini ya mrasimu. Serikali ikajaribu kukifufua mwaka 2010 na uhai haukudumu. Mwaka 2016 kiliuzwa kwa kundi la kampuni za Rai kwa shilingi milioni 900. Katika miaka hiyo hewa ya Webuye ilisafika na mji ukadidimia. Vyumba vya kupanga vikabaki bila watu, maduka yakafungwa, na wapo wanaosema mpaka leo kwamba wangeipokea tena ile harufu kwa mikono miwili. Siwalaumu. Kama ningekuwa baba wa watoto watano wasio na karo ningesema hivyohivyo. Lakini kauli hiyo inadhani kwamba harufu na mshahara vilikuwa kitu kimoja, na hapo ndipo ninapotaka tuangalie kwa makini zaidi jinsi kiwanda kinavyofanya kazi.

Katika upishi wa karatasi wa aina hii, yale maji meusi yanayobaki baada ya kuchemsha mbao si taka. Hukaushwa yakawa mazito, yakachomwa katika tanuri maalumu, na humo mambo mawili hutokea kwa pamoja: kemikali hurudi zikatumika tena, na mvuke hupatikana wa kuendeshea mitambo na kuzalishia umeme. Kinu kilichotunzwa hurudisha karibu kemikali zake zote. Hata hicho hunuka kidogo, sitaki kumdanganya msomaji. Lakini mitambo ya kurudishia ikichakaa na isikarabatiwe, kemikali huenda hewani na mtoni, na kiwanda hulazimika kununua nyingine, na kununua mafuta na umeme ambao ungetoka kwenye maji yake meusi. Uvundo unapozidi, ni fedha za kiwanda zinazotoroka. Ndivyo ilivyo hata kwa tanuri la betri: chembe ya risasi iliyotua juu ya paa la jirani ni risasi ambayo haikuuzwa. Ndiyo maana ninasema uchafuzi na kupotea kwa ajira mara nyingi huzaliwa na mzazi mmoja, nayo ni menejimenti inayoahirisha ukarabati, inayokopa ili ilipe madeni ya jana, na inayotegemea upendeleo wa serikali badala ya kuboresha kazi. Moshi unaozidi mwaka hadi mwaka ni dalili ya mapema ya kiwanda kilicho njiani kufa, kama homa ilivyo kwa mgonjwa, na mfanyakazi angepaswa kuwa wa kwanza kushtuka.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba vipo viwanda vichafu vilivyopata faida kwa miaka mingi, na kwamba mataifa tajiri yalichafua kwanza, yakasafisha baadaye. Japani hutajwa sana. Haya, tuitazame Japani. Katika mji wa Minamata kampuni ya Chisso ilikuwa mwajiri, mlipa kodi na mlezi wa mji, na ilimwaga zebaki baharini. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, na kampuni haikuacha kumwaga mpaka 1968. Katika miaka hiyo kumi na miwili wavuvi waliougua walinyanyapaliwa na majirani zao wenyewe, kwa kuogopa kwamba malalamiko yao yangefunga kiwanda. Baadaye fidia ilikuwa kubwa kiasi kwamba serikali ililazimika kuikopesha kampuni ili isifilisike na iendelee kulipa. Japani haikutajirika kwa sababu ya zebaki ya Minamata, iliilipia. Tena ililipa ikiwa na hazina ya kuweza kulipa. Kenya, ambayo ilihitaji ngazi tatu za mahakama na miaka minne ili kuthibitisha fidia ya mtaa mmoja wa watu 3,000, haina hazina hiyo. Nchi maskini ndiyo isiyoweza kumudu kuchafua kwanza.

Wapo pia wanaosema kwamba mfanyakazi ni mtu mzima na achague mwenyewe, anajua analolifanya. Ningelikubali hilo kama angekuwa amepewa majibu ya vipimo vya damu yake, angekuwa na mkataba unaomruhusu kukataa kuingia tanurini bila glavu na barakoa, na kama athari zingeishia mwilini mwake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inampa haki ya kupata vifaa hivyo. Kibarua wa siku hawezi kuidai kesho yake akarudi langoni. Na mtoto wa Owino Uhuru hakuchagua, wala mvuvi wa Budalang'i. Gharama ya vichujio ninaikubali, ni kubwa, na mwekezaji anaweza kutishia kwenda nchi jirani. Lakini mwekezaji ambaye faida yake yote imo katika kutonunua kichujio hataleta ajira ya kudumu popote aendapo, na miji ya huko nayo itatuandikia habari kama hizi.

Sheria za kuzuia marudio haya zipo tayari. Katiba ya 2010 katika kifungu cha 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inaruhusu mwendesha kiwanda chenye hatari adaiwe amana ya fedha kama dhamana ya kwamba atatunza mazingira. Kwa hiyo ombi langu ni kwa vyama vya wafanyakazi na wazee wa mitaa ya viwandani, ambao kwa muda mrefu wamewekwa pande mbili za meza kana kwamba ni maadui. Kiwanda kipya kikija kwenu, kaeni upande mmoja, na kabla jiwe la msingi halijawekwa daini mambo haya kwa maandishi: amana iwekwe benki, vipimo vya moshi, maji na damu vibandikwe langoni kila robo mwaka, ripoti ya ukarabati wa mitambo itolewe kwa wafanyakazi, na kibarua wa tanurini apewe mkataba. Mwekezaji akikataa kuweka amana, mwacheni aende na tanuri lake.